Kabla Samaki Mgeni Hajaingia Tangini

Kila anayefika nyumbani akaliona tangi langu huuliza swali lilelile: samaki gani wanaweza kukaa pamoja? Nami humwuliza kwanza: maji ya kwenu yanatoka wapi? Hapa Dar es Salaam nyumba mbili zinazotazamana zaweza kuwa na maji tofauti kabisa. Hii inapata ya bomba yanayotoka Mto Ruvu. Ile ina kisima kirefu chenye maji magumu ya chumvichumvi, ukifulia sabuni haitoi povu. Neon tetra, ambaye asili yake ni vijito vya Amazon vyenye maji laini mno, hatayaweza ya kisima hicho. Atapauka, ataacha kula, na mwenyewe atahangaika kutafuta dawa ya ugonjwa usiokuwepo. Gapi na moli huyamudu maji magumu vizuri. Kwa hiyo kabla ya kununua samaki, nunua vipimo: cha pH, cha ugumu wa maji, cha amonia na cha nitriti. Ukishayajua maji yako, orodha ya samaki itapungua yenyewe.

Mimi nimechagua Ziwa Tanganyika. Wengi wetu tukisikia jina hilo tunakumbuka dagaa na migebuka ya Kigoma, lakini kwenye mawe ya pwani zake wanaishi samaki wadogo wa rangi za kushangaza, ndugu wa mbali wa sato na perege, na karibu wote hawapatikani mahali pengine popote duniani. Kwa miongo mingi wamesafirishwa kwa ndege kwenda Ulaya, Marekani na Japani, na huko wanazalishwa majumbani na watu ambao hawajawahi kuliona ziwa lenyewe. Ningependa tuwajue na sisi. Maji ya ziwa hilo ni magumu na pH yake huwa kati ya 8.5 na 9. Tangini natumia mchanga wa matumbawe yaliyosagwa, ambao hutoa chokaa yake taratibu na kuizuia pH isishuke. Hita kwa Dar haina kazi karibu mwaka mzima. Shida yetu ni Januari na Februari, maji yanapopita nyuzi 30 na kupungukiwa oksijeni. Miezi hiyo siongezi samaki hata mmoja.

Tangi lina urefu wa sentimita 120, upana 45 na kimo 45. Ukiondoa mawe na mchanga, yanabaki maji ya kama lita 200. Upana nautaja kwa makusudi. Tangi lililokwenda juu linapendeza sebuleni, lakini samaki wa miambani hugombania sakafu, na kimo hakiwaongezei sakafu. Tangi la mchanganyiko ni kama nyumba ya kupanga: kila mpangaji ana chumba chake, ua ni wa wote, na kabla hujamleta mwingine sharti ujue chumba kipi kiko wazi. Kwangu, kushoto kuna rundo la mawe, na humo inakaa jozi ya Julidochromis, wembamba, wenye michirizi myeusi. Kulia kuna mchanga na magamba ya konokono, makazi ya Neolamprologus multifasciatus, samaki mdogo ambaye hata dume lake halizidi sentimita 5. Ziwani wanaishi ndani ya magamba matupu ya konokono aitwaye Neothauma. Kwangu wameyakubali ya konokono wadogo wa bustanini, yaliyochemshwa kwanza. Ukitazama juu, kuanzia katikati ya tangi hadi karibu na uso wa maji, hapakuwa na mtu.

Nafasi hiyo ndiyo iliyonichagulia samaki. Cyprichromis leptosoma huishi katika maji ya wazi kwa makundi makubwa na kula vijidudu vinavyoelea. Jike hubeba mayai mdomoni, kwa hiyo hahitaji kushika jiwe la mtu ili azae. Sharti lake ni wingi. Kumweka mmoja au wawili ni kumtesa, maana bila kundi huwa na hofu siku zote, hujificha pembeni na rangi hazitoki. Nilichukua wanane, wachanga, wote wa ufuo mmoja wa ziwa. Hilo la ufuo nalitilia mkazo. Samaki wengi wa Tanganyika wana rangi tofauti kila baada ya kilomita kadhaa za pwani, na ukiwachanganya watazaana, na rangi iliyochukua maelfu ya miaka kutengenezeka itapotea ndani ya vizazi viwili katika sebule yako.

Muuzaji hukuonyesha na wengine, na hapo ndipo moyo hushindana na akili. Nitawataja watatu ninaowakataa kila mara kwa tangi kama langu. Wa kwanza ni frontosa, mwenye nundu kichwani na mistari mipana ya buluu. Anauzwa akiwa na urefu wa kidole, lakini hukua akapita sentimita 30, na ziwani chakula chake kimojawapo ni hao hao Cyprichromis, ambao huwavamia alfajiri wakiwa bado wamelala. Wa pili ni Tropheus. Huyu anakwangua mwani kwenye mawe siku nzima na utumbo wake mrefu umeumbwa kwa kazi hiyo. Akila vyakula vya nyama vinavyowafaa wenzake, tumbo huvimba na huwa vigumu kumponya. Anastahili tangi lake mwenyewe, akiwa na kundi kubwa la wenzake. Wa tatu ni Neolamprologus brichardi, na huyu kumkataa kunaniuma, kwa sababu mapezi yake yaliyochongoka ni mazuri na tabia yake inasisimua: watoto wakubwa hubaki kwa wazazi na kuwalinda wadogo zao. Ukoo huo ukishatulia hulichukua rundo zima la mawe, kisha mchanga, na wapangaji wengine wanabanwa kwenye pembe ya juu.

Dukani sinunui siku ya kwanza. Natazama, nauliza samaki wamefika lini, narudi baada ya wiki. Waliofika jana bado wana uchovu wa safari na ugonjwa wao haujajitokeza. Namwomba muuzaji awape chakula mbele yangu. Asiyekimbilia chakula simchukui, hata awe na rangi gani. Naangalia tumbo lisiwe limebonyea, mapezi yawe yamefunguka, matamvua yasipwite haraka kuliko ya wenzake, kinyesi kisiwe uzi mweupe. Kukiwa na maiti hata mmoja tangini humo naondoka, na kama matangi yote ya duka yanatumia chujio moja naondoka bila kutazama tangi la pili. Namwuliza pia pH ya maji yake. Muuzaji mzuri anaijua, na jibu lake litanisaidia kuandaa maji ya kumpokelea mgeni.

Safari ya mfuko wa plastiki ndiyo sehemu inayoeleweka vibaya zaidi, nami nitakaa hapo kidogo. Samaki aliyefungwa mfukoni anatoa amonia kwa matamvua yake na anatoa hewa ya ukaa anapopumua. Hewa ya ukaa inaposhindwa kutoka, pH ya maji ya mfukoni inashuka, na hilo linamlinda, kwa sababu amonia majini ina sura mbili: ile yenye sumu kali, na ile ya amonio ambayo madhara yake ni madogo. pH ndiyo inayoamua ipi itakuwa nyingi. Kwa joto la nyuzi 25, kwenye pH ya 7 sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1. Kwenye 8 ni kama asilimia 5. Kwenye 9 ni zaidi ya theluthi moja. Sasa fikiria samaki aliyetoka Kigoma, zaidi ya kilomita elfu moja, amekaa mfukoni kutwa nzima na usiku wake. Ukifungua mfuko, hewa ya ukaa inatoka, pH inapanda, na sehemu ya amonia iliyolundikana inageuka sumu. Halafu unamdondoshea maji yako yenye pH ya karibu 9, kikombe kwa kikombe, kwa saa nzima, ukidhani unamzoesha! Unamchoma matamvua.

Kwa hiyo nina taratibu mbili. Samaki wa mjini, aliyekaa mfukoni kwa saa moja hivi, mfuko wake naueleza juu ya maji kwa dakika 20 ili joto lilingane, naufungua, kisha naongeza maji kidogo kidogo kwa nusu saa. Samaki wa safari ndefu, mfuko unaelea ukiwa umefungwa. Maji ya kumpokelea yameshaandaliwa yafanane na aliyotoka. Nikifungua tu, namtoa kwa wavu na kumhamisha papo hapo. Kwa vyovyote vile, maji ya mfukoni yanamwagwa nje, hayaingii katika tangi lolote.

Mgeni haendi moja kwa moja kwa wenyeji. Anakaa karantini wiki nne. Si lazima tangi la kioo. Chombo cha plastiki cha lita 60 kisichowahi kutiwa sabuni kinatosha, na vipande vya bomba la PVC vya kujifichia. Kitu cha lazima ni chujio la sifongo lililokaa mwezi mzima ndani ya tangi kubwa, ili liwe limeshapata bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti na nitriti kuwa nitrati. Chujio jipya halina hao bakteria, na samaki atakuwa anaogelea katika uchafu wake. Maji ya bomba nayaacha wazi siku nzima yakipigwa na pampu ya hewa ili klorini itoke. Wavu na ndoo ya karantini havigusi tangi kubwa.

Kwa nini wiki nne? Chukua ugonjwa wa vidoa vyeupe, unaojulikana kuliko yote. Kijidudu chake hujichimbia chini ya ngozi ya samaki, na huko dawa haikifikii. Kikishiba hudondoka chini, hujigawa mara nyingi, na watoto wake, mamia, huogelea kutafuta samaki mwingine. Wakati huo tu ndipo dawa huwaua. Katika joto letu mzunguko huo huisha ndani ya wiki moja, hivyo samaki aliye safi leo anaweza kuwa na vidoa wiki ijayo. Wiki nne zinaupa kila ugonjwa wa namna hiyo nafasi ya kujionyesha mahali ninapoweza kuutibu bila kuwahusisha wenyeji. Zinanipa pia muda wa kumjua: nani mbabe, nani mnyonge, nani anapenda chakula gani.

Siku ya kuwaingiza, ushauri wa kawaida ni kuyapangua mawe ili wenyeji wasahau mipaka yao. Kwa samaki wengi unafaa. Kwa Julidochromis siufuati, kwa sababu jozi iliyozoeana kwenye mawe fulani inaweza kuvunjika mawe yakihamishwa, na kwenye tangi dogo mmoja atamwua mwenzake. Kama mgeni angekuwa wa miambani, ningemjengea rundo jipya upande wa mbali wiki moja kabla, bila kugusa la zamani. Kwa Cyprichromis hapakuwa na haja hiyo. Anayeanza tangi jipya kabisa na afuate utaratibu wa upole kwanza: wa kwenye magamba na wa maji ya wazi waingie mwanzo, Julidochromis mwisho, akute nyumba ina watu.

Huwaingiza jioni. Wenyeji wanakula hadi watosheke, taa inazimwa, wageni wanaachiwa gizani na taa haiwashwi hadi kesho yake. Tangi lazima lifunikwe, kwani Cyprichromis wakishtuka huruka. Wavu wa mbu wa dirishani uliokazwa kwenye fremu ya mbao unatosha na unapitisha hewa. Wiki ya kwanza napima amonia na nitriti kila siku na kupunguza chakula, kwa maana bakteria wanahitaji muda kuongezeka kulingana na idadi mpya ya samaki. Nitriti ikionekana nabadilisha robo ya maji siku hiyohiyo. Pampu ya betri iwe karibu, maana umeme ukikatika kwa saa nyingi, samaki na bakteria wa chujio hukosa hewa pamoja.

Karantini usiivunje bado. Mgeni anayening'inia kwenye pembe chini ya uso wa maji, nyuma ya bomba la chujio, mapezi yamechanika, akisogea tu anafukuzwa, atolewe jioni hiyo. Kesho anaweza kuwa amekufa. Alishwe peke yake kwa wiki mbili, ajaribiwe tena. Akishindwa, apewe mfugaji mwingine. Mtoni, ziwani au bwawani asimwagwe kamwe. Sangara alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, na aina nyingi za samaki wadogo wa humo, jamaa za hawa hawa ninaowafuga, zimetoweka. Mimi hupatana na muuzaji tangu siku ya kununua kwamba samaki atakayeshindwa kuelewana na wenzake atampokea, hata kwa nusu ya bei.