Diski Iliyotokeza: Tiba ya Uti wa Mgongo Bila Kupasuliwa

Kazi nyingi katika mkoa wa Mara hufanywa kwa kuinama. Mkulima wa Butiama hupalilia muhogo kwa jembe la mkono, mwenzake wa Bunda huchuma pamba, na mvuvi wa Musoma huvuta nyavu. Mfanyakazi wa namna hiyo akipatwa na maumivu yanayotoka kiunoni na kuteremka hadi mguuni, chanzo huwa aghalabu ni diski iliyotokeza.

Muundo wa uti wa mgongo

Binadamu huzaliwa na pingili 33. Pingili 24 za juu hubaki mbalimbali. Nyingine huungana kadiri mtu anavyokua. Katikati ya pingili zimo diski 23. Kila diski ina kiini laini chenye maji mengi, kilichozungukwa na pete imara ya nyuzi. Diski hupokea uzito wa mwili na kuuwezesha mgongo kupinda.

Umri unavyoongezeka, kiini hupungukiwa na maji na pete hupata nyufa. Mtu akiinama na kunyanyua mzigo ulio mbali na kifua, kiini husukumwa nyuma, na pete hutokeza kuelekea kwenye mshipa wa fahamu. Diski mbili za chini kabisa ndizo zinazoathirika zaidi. Kwa kuwa mishipa inayopita hapo huenda mguuni, mgonjwa huweza kuhisi ganzi unyayoni ilhali kasoro iko kiunoni.

Je, kila diski iliyotokeza yahitaji kisu?

Mwaka 1934 madaktari Mixter na Barr wa Boston, Marekani, walieleza jinsi diski inavyobana mshipa wa fahamu, na upasuaji ukaenea. Lakini mwaka 1994 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya picha za MRI za watu 98 wasio na maumivu ya mgongo: asilimia 52 walikuwa na diski iliyotokeza. Kwa hiyo picha peke yake haitoshi kuamua upasuaji. Zaidi ya hayo, chembe za kinga za mwili huweza kukimeng'enya kipande cha diski kilichochomoza. Wagonjwa wengi hupata nafuu katika muda wa wiki 6 hadi 12.

Tiba

Kulala kitandani kwa wiki nyingi si tiba. Misuli hudhoofika, na msimu wa kulima haungoji. Siku moja au mbili za mapumziko zatosha. Baadaye mgonjwa atembee kidogo kidogo kila siku. Dawa za maumivu zitumiwe kwa ushauri wa mganga, kwani baadhi yake hudhuru tumbo na figo.

Wagonjwa wengi hufaidika kwa kulala kifudifudi na kujiinua kwa viwiko, dakika chache kila mara. Maumivu yakiuacha mguu na kurudi kiunoni, hiyo ni dalili njema. Yakizidi kushuka mguuni, zoezi lisimamishwe na mtaalamu wa tiba ya viungo aulizwe.

Ndoo ya lita 20 ina maji yenye uzito wa kilo 20. Ni afadhali kuyagawa katika safari mbili. Mzigo unyanyuliwe kwa kukunja magoti, ukiwa karibu na kifua, bila kuuzungusha mgongo.

Dalili zisizongoja

Mgonjwa akishindwa kuzuia mkojo au choo, au akishindwa kukojoa, akifa ganzi sehemu za siri, au mguu ukizidi kulegea, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Hapo upasuaji huweza kumwokoa na ulemavu wa maisha. Maumivu ya mgongo yanayoambatana na homa, jasho la usiku au kukonda huenda si ya diski: kifua kikuu hushambulia pingili, na vilevile ugonjwa wa kutupa mimba wa mifugo, ambao binadamu huupata kwa kunywa maziwa yasiyochemshwa. Magonjwa hayo yana dawa zake, nayo hayatibiwi kwa mazoezi.