SOMO: WAKATI WA UGONJWA MUKUBWA, MAMA, USIACHE SIKU YA KUPIMA MUTOTO

Leo mukirudi nyumbani, tazameni mukono wa nyanya, pale juu karibu na bega. Wengi wao wako na alama ya mviringo. Ni alama ya chanjo ya ndui. Mumuulize, atawaambia namna ndui ilivyoharibu uso na macho ya watu. Waganga walipita muji kwa muji kuchanja, na katika mwaka wa 1971 mugonjwa wa mwisho wa ndui alionekana katika inchi yetu. Watoto wenu hawaijui ndui. Lakini haikwisha yenyewe.

Sasa tuongee juu ya miaka ya 2018 mpaka 2020. Ebola ilitangazwa katika Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, upande wa Beni. Ikafika Butembo, ikafika na Ituri. Ilipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamekufa. Watu waliogopa hospitali sana. Wakasema, "Ukienda kule na homa, watakufungia, hautarudi." Kuko wamama waliokaa nyumbani na mutoto juu ya woga ule, na siku ya chanjo ikapita.

Na surua ikafanya kazi yake. Tangu mwanzo wa 2019 mpaka Januari 2020 surua iliua watu zaidi ya 6,000 katika inchi yote, wengi wao watoto wasiofika miaka mitano. Hesabu vizuri, mama: ni kupita ebola! Lakini macho ya watu yalikuwa kwa ebola. Si ebola iliyoleta surua, hapana. Surua iliingia mahali watoto walikuwa bila chanjo, juu ya vita, juu ya njia mbaya, juu ya chanjo kukosa kufika, na juu ya woga. Mugonjwa mumoja wa surua anaweza kuambukiza watu 12 mpaka 18 wasio na kinga, na vijidudu vyake vinabaki katika hewa ya chumba karibu masaa mawili kisha yeye kutoka. Kwa hiyo kama mutoto wako ana homa na vipele, usiketi naye hapa kwa benchi. Umuambie muganga pale mulangoni, atawapa nafasi ya peke yenu.

Mutauliza: na hospitali, kazi yake ni nini wakati ule? Si kuita watu tu kwa mégafoni. Ya kwanza, sisi wenyewe tutangulie. Wakati wa ebola, waganga walihesabiwa kati ya watu wa kwanza kuchanjwa, pamoja na wale waliokaribia mugonjwa, na wale waliokaribia hao. Lakini wakati wa corona? Chanjo 1,700,000 zilifika Kinshasa tarehe 2 Machi 2021, na karibu 1,300,000 zikapelekwa inchi zingine, kwa sababu zingeharibika bila mutu kuzitumia. Hata waganga wengine waliikataa. Basi mama wa muji atakubali namna gani? Wanafunzi wangu ninawafundisha hivi: mama akikuuliza, "Na wewe, ulichanjwa?", ile si matusi. Umujibu.

Ya pili, tusirudishe mutu. Nilipokuwa ningali kijana, mahali pamoja nisipopataja, niliona mama aliyetembea tangu alfajiri na mutoto wa miezi tisa. Akaambiwa, "Uko peke yako, urudi juma kesho." Kichupa cha chanjo ya surua ni cha watoto kumi, na kikisha kuchanganywa na maji yake kinadumu masaa sita tu katika baridi, kisha kinatupwa. Yule muganga aliogopa kuharibu dawa. Mama hakurudi tena. Afadhali kutupa sehemu tisa kuliko kupoteza mutoto mumoja. Mukiambiwa vile, muulize mukubwa wa kazi, kwa upole, lakini muulize.

Ya tatu, tuseme kweli. Kisha shindano la surua, kati ya siku ya 5 na ya 12, mutoto anaweza kupata homa na hata vipele kidogo. Vinapita. Shindano la kifua kikuu linaacha kidonda kidogo kwa mukono. Usikitie majani wala dawa, kitapona chenyewe. Chanjo ya ebola haina ebola nzima ndani yake. Ni kijidudu kingine kilichopewa kipande kimoja cha ebola, ili mwili ujifunze kukijua. Kwanza wamama wenye mimba na wenye kunyonyesha walikatazwa chanjo ile, na wengi walilia. Katika mwaka wa 2019 walikubaliwa, ila wenye mimba changa wangoje kwanza.

Na ile habari ya kwamba shindano linafunga uzazi? Wengi wenu mulichanjwa mukiwa watoto. Na huyu munayemubeba mugongoni alitoka wapi?

Wengine wanasema mukristo aombe tu. Tunaomba hapa kila asubuhi, munatusikia. Kisha kuomba, tunafungua frigo.

Hizi ndizo siku za mutoto: akizaliwa, juma la 6, la 10 na la 14, mwezi wa 9, na mahali wanapotoa shindano la pili la surua, mwezi wa 15. Kama siku imepita, uje tu, hakuna atakayekugombeza. Mutoto akiwa na mafua au homa kidogo, uje naye vilevile. Muganga ndiye atapima. Fishi ikipotea, tutaandika ingine.

Wenye watoto wa miezi tisa watangulie sasa kwa meza ya kwanza, fishi mukononi.