Kisu cha Springi: Kagua Chuma Kabla Hujakiamini

Griftu, Wajir Magharibi, ni nchi ya ngamia na mbuzi, na anayechinja hutakiwa awe na kisu kikali ili mnyama asiteseke. Springi kuukuu ya lori hutoa kisu bora, kwa kuwa chuma chake kina kaboni ya kutosha, takriban asilimia 0.5 hadi 0.6. Ila mng'aro wa nje hausemi kitu. Ubora umo ndani, na unaweza kuuona kwa msasa, siki na tupa.

Vunja kipande cha majaribio. Kata kipande chembamba cha springi ileile. Kipashe kwenye makaa hadi sumaku iache kukishika, yaani karibu nyuzi 770, ongeza moto kidogo, kisha kizamishe kwenye mafuta. Vaa miwani, kibane kwenye jiliwa, kifunike kwa kitambaa kizito, ukivunje kwa nyundo. Tazama palipovunjika. Kijivu laini maana yake moto ulikuwa sawa. Ukiona chembe kubwa zinazometa kama chumvi ya mawe, moto ulizidi, na kisu cha hivyo kitamegeka. Punguza moto, jaribu tena.

Tia kisu moto. Kipashe vivyo hivyo, kisha zamisha upande wa makali tu kwenye mafuta. Mgongo ubaki laini ili kisu kisikatike. Papo hapo kirudishe kwenye joto dogo, nyuzi 200 hadi 250, ili kisiwe chepesi kuvunjika.

Sugua bila haraka. Ngozi ya juu iliyoungua imepoteza kaboni, kwa hiyo iondoe yote, la sivyo itakudanganya. Anza na msasa namba 120, kisha 240, 400 na 600. Kila ukibadili namba, geuza mwelekeo wa mkono na usugue hadi mikwaruzo ya awali iishe kabisa. Osha kwa sabuni, kausha, usiguse tena kwa vidole: mafuta ya mwili huzuia siki.

Tia siki. Pasha siki bila kuichemsha, zamisha kisu, ukikague kila baada ya dakika chache. Usitumie asidi ya betri. Polepole utatokeza mpaka: ukingo una rangi yake, mgongo una yake. Mpaka ukifuata makali toka ncha hadi mpini, kazi imeshika. Ukikatika au kushuka hadi kwenye makali, hapo ni laini. Hakikisha kwa tupa: palipo pagumu huuma kwa shida, palipo laini huuma upesi. Suuza kwa maji yenye magadi, kausha, paka mafuta.

Sehemu ngumu uliyoiona ni martensaiti, iliyopewa jina la Mjerumani Adolf Martens. Jina hilo hutumika pia kwa hali mojawapo ya aloi ya nikeli na titani, ile ya waya za kunyooshea meno, ambayo hukunjwa na kurudia umbo lake. Ukiipata, usiijaribu nyumbani. Oksidi iliyoifunika haishindwi na siki, na maabara huichora kwa mchanganyiko wenye asidi ya haidrofloriki, inayopenya ngozi hadi kwenye mfupa.

Kisu ambacho mpaka wake umekatika usikiuze wala usikiazime. Kirudishe motoni, ukague upya; siki na msasa ni bei ndogo kuliko mnyama aliyeteswa na mkono uliokatwa.