Somo: Kubadilisha Krosi za Propela Shafti Nyumbani

Gari linaloendeshwa kwa magurudumu manne hupeleka nguvu ya injini kwenye ekseli mbili. Nguvu hiyo hutoka gia boksi, hupita kwenye transfa, kisha hufikishwa kwenye difu kwa propela shafti ya mbele na ya nyuma. Kwa kuwa ekseli hupanda na kushuka gari linapopita mashimoni, ncha za shafti huwa na viungo vinavyokunjika, ambavyo mafundi huviita krosi. Krosi ni chuma chenye umbo la msalaba. Kila mkono wake huzunguka ndani ya kikombe chenye beringi za sindano.

Dalili za krosi iliyokwisha

Mlio wa kugonga wakati wa kuondoka au kurudi nyuma, mtikisiko unaoongezeka kadiri ya mwendo, na vumbi la kutu jekundu kuzunguka vikombe ni dalili za kutosha. Dalili hizi zisipuuzwe: shafti ya mbele ikikatika gari likiwa mwendoni, ncha yake yaweza kuanguka na kuchimba barabara.

Kabla ya kununua

Magari ya jina moja yaliyotengenezwa miaka tofauti huweza kuwa na krosi za vipimo tofauti. Mlaji anashauriwa kwenda dukani na krosi ya zamani au vipimo vyake: kipenyo cha kikombe na urefu kutoka kikombe hadi kikombe cha upande wa pili. Achukue pia namba ya chesisi.

Afungue boksi mbele ya muuzaji. Maandishi yenye makosa, kukosekana kwa namba ya kipuri, vikombe vinavyokwaruza vinapozungushwa na bei iliyo chini mno kuliko ya maduka mengine ni ishara za bidhaa bandia. Adai risiti yenye maelezo ya kipuri, na atunze boksi hadi gari litakapokuwa limejaribiwa.

Usalama kwanza

Shafti ikishatolewa, gia haiyashiki tena magurudumu ya upande huo. Katika Land Rover za zamani, zikiwamo Series na Defender, hatari ni kubwa zaidi. Breki ya mkono ya magari hayo haishiki magurudumu. Hushika shafti inayotoka nyuma ya transfa. Ukiifungua propela shafti ya nyuma, breki ya mkono haizuii tena ekseli ya nyuma. Hata kabla ya kuifungua, ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu huliruhusu lizunguke na gari laweza kubingirika.

Kwa hiyo, egesha gari mahali tambarare na pagumu, weka vizuizi mbele na nyuma ya magurudumu, na kama umeliinua, liegemeze kwenye stendi imara. Usiingie kamwe chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Hatua za kazi

1. Tia alama kwenye shafti na flanji zake, na pande zote mbili za kiungo kinachoteleza. Alama zisipokutana wakati wa kurudisha, shafti itatikisika hata ikiwa na krosi mpya.
2. Fungua bolti huku shafti ikiwa imeegemezwa, kisha iondoe.
3. Safisha viti vya vikombe na utoe saklipu zote nne kwa koleo.
4. Ibane shafti kwenye jiliwa na usukume vikombe vya zamani vitoke. Usiligonge bomba la shafti. Likibonyea halifai tena.
5. Vua vikombe vya krosi mpya na uhakikishe sindano zote zimesimama ndani ya grisi. Ingiza kikombe kimoja nusu, pitisha krosi, kisha uelekeze mkono wake ndani ya kikombe hicho kabla ya kukisukuma.
6. Sukuma hadi mfereji wa saklipu uonekane wote. Usipoonekana, huenda sindano imeanguka na kulala chini ya kikombe. Usilazimishe, toa kikombe na uipange upya.
7. Funga saklipu na ukunje kiungo pande zote. Kinapaswa kwenda bila kukwama.
8. Rudisha shafti kwa kufuata alama, tumia nati mpya za kujifunga, zikaze kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari, kisha utie grisi kama krosi ina nipeli.

Baada ya safari fupi ya majaribio, kagua tena nati zote.

Kazi zisizofaa nyumbani

Kufungua difu, transfa au gia boksi kunahitaji vipimo vya sehemu ndogo za milimita na zana maalumu. Kazi hizo ziachiwe fundi aliyebobea. Aidha, gari lililo ndani ya dhamana lisifunguliwe kabla ya kusoma masharti yake.

Kipuri kikiwa kibovu

Rudi kwanza kwa muuzaji ukiwa na risiti, boksi na kipuri chenyewe. Asipokusikiliza, kwa Tanzania malalamiko kuhusu bidhaa bandia hupelekwa Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Masuala ya ubora wa bidhaa huhusu Shirika la Viwango Tanzania. Mlalamikaji asiye na risiti hupata shida kuthibitisha mahali aliponunua.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini breki ya mkono haitoshi kulizuia gari wakati wa kazi hii?
2. Mfereji wa saklipu usipoonekana wote, ufanye nini?
3. Ni vitu gani vitatu utakavyorudi navyo kwa muuzaji?