Kutafuta Rasilimali Ndani ya Faili la .exe

Umeingiza picha ya nembo ndani ya programu yako ya Windows. Kompaila haikulalamika, faili la .exe limeongezeka ukubwa, lakini FindResource inarudisha NULL. Wengi wakifika hapo huanza kubahatisha, wakibadilisha mstari huu na ule. Weka msimbo kando kwanza. Fungua faili lenyewe ulione lina nini.

Resource Hacker ya Angus Johnson hupatikana bure na inatosha kabisa kwa kazi hii. Hata 7-Zip hulifungua faili la .exe na kukuonyesha sehemu iitwayo .rsrc. Humo rasilimali hupangwa kwa ngazi tatu: aina, kisha jina, kisha lugha. Jina laweza kuwa namba au maneno, na Windows haiyachanganyi hayo mawili. Kosa linalosumbua kuliko yote huzaliwa hapo. Tuseme faili lako la .rc lina mstari huu:

IDR_NEMBO RCDATA "nembo.png"

Ukisahau kuingiza resource.h, ambamo IDR_NEMBO imepewa namba 101, kompaila ya rasilimali haitatoa kosa wala onyo. Italichukua neno IDR_NEMBO kuwa ndilo jina na kulihifadhi hivyo. Msimbo wako wa C++ nao, ukitumia MAKEINTRESOURCE(IDR_NEMBO), unatafuta namba 101 ambayo haimo. Unaweza kuumiza kichwa siku nzima ukisoma msimbo ambao hauna kosa lolote, ilhali Resource Hacker ingekuonyesha papo hapo: palipotakiwa kuwa na 101 pameandikwa IDR_NEMBO. Dawa yake ni mstari mmoja wa #include juu ya faili la .rc.

Usiipuuze GetLastError pia, maana hutaja ngazi iliyokwama. 1813 ni aina haikupatikana, 1814 ni jina, 1815 ni lugha. Ukipata 1813, angalia kama rasilimali umeiandika kwa aina uliyoibuni mwenyewe, kwa mfano PNG, huku ukiitafuta kwa RT_RCDATA. Nashauri ushike RCDATA kwa kila kitu kisicho na aina yake rasmi. Inapunguza mambo ya kukumbuka.

Namba 1812 ina maana faili unalolipekua halina sehemu ya rasilimali kabisa, na mara nyingi ni dalili kwamba unapekua faili lisilo lako. Hili huwapata sana waandishi wa DLL. Ukiipa FindResource NULL mahali pa moduli, itatafuta ndani ya .exe iliyoanzisha programu, hata kama msimbo unaoiita umo ndani ya DLL. Hifadhi hModule unayopewa na DllMain, uitumie hiyo.

Kwa maandishi ya STRINGTABLE kuna jambo la kujua: hufungwa katika mafungu ya 16. Maandishi namba 101 yamo katika fungu la 7, pamoja na yote ya 96 hadi 111, kwa hiyo usishangae kutoliona fungu lenye namba 101. Yasome kwa LoadString. Na kama umeweka tafsiri ya Kiswahili, ile ya Kenya huonekana chini ya lugha 1089, jirani na 1033 ya Kiingereza cha Marekani. FindResource hujichagulia lugha. Ukitaka kuilazimisha ichukue 1089, tumia FindResourceEx.

Kwenye .NET mambo hubadilika. Rasilimali ulizoziingiza kama Embedded Resource hazikai katika .rsrc, hivyo Resource Hacker haitaziona; tumia ILSpy, au chapisha orodha inayotolewa na GetManifestResourceNames. Jina huundwa na namespace ya msingi ya mradi, folda, na jina la faili, vikitenganishwa kwa nukta: Duka.Picha.nembo.png. Herufi kubwa na ndogo ni tofauti, na kistari katika jina la folda hugeuka kuwa mstari wa chini, picha-kubwa ikawa picha_kubwa. Ukikosea herufi moja tu, GetManifestResourceStream inarudisha null bila maelezo. Kama hutaki jina litegemee folda, andika LogicalName ndani ya .csproj, na rasilimali itaitwa kwa jina hilo hata ukilihamisha faili.