Injini Inayogonga Inapowashwa

Ewe mkulima wa Magu au Misungwi, gari lako la kuchukulia pamba likigonga liwashwapo asubuhi, usikanyage mafuta kwa nguvu. Usiku oili hushuka chini, na vyuma huanza kusuguana kabla haijapanda.

Gari likiwa mahali tambarare, injini ingali baridi, chomoa kijiti cha oili, ukipanguse, ukitumbukize tena, kisha utazame alama. Ikiwa imepungua, ongeza oili ya namna ile ile. Ikiwa imechakaa, imwage, uweke mpya pamoja na chujio jipya.

Mlio ukiendelea, au taa ya oili isipozimika, zima injini mara moja, umwite fundi: yamkini beringi zimelika. Gharama ya oili ni ndogo; injini iliyovunjika yaweza kumeza pamba ya msimu mzima.