Kilo Ngapi, na Kuelekea Wapi? Somo la Vekta katika Wodi ya Mifupa

Mgonjwa aliyevunjika mfupa wa paja, anapotibiwa kwa traksheni, hulala akiwa na kamba mguuni, roda juu ya kitanda na uzito unaoning'inia upande wa miguuni. Ndugu wanaokuja kumwona huuliza: "Amewekewa kilo ngapi?" Swali hilo ni la haki, lakini ni nusu tu ya swali. Nusu ya pili ni hii: kilo hizo zinavuta kuelekea wapi?

Katika fizikia, kuna vipimo vinavyokamilika kwa namba na kizio chake. Joto la mwili ni mfano, na umri wa mgonjwa ni mfano mwingine. Vipimo hivyo huitwa skala. Kani haitoshelezwi na namba, kwa kuwa kumsukuma mtu kutoka mbele na kumsukuma kutoka nyuma si jambo moja, hata nguvu ikiwa ileile. Kani ni vekta: ina ukubwa na ina mwelekeo, na kwenye karatasi huchorwa kama mshale. Urefu wa mshale husimamia ukubwa kwa skeli iliyochaguliwa, ncha yake huonesha mwelekeo, na mkia wake hukaa mahali kani inaposhika. Wengi wetu tulilisoma somo hili sekondari kwa Kiingereza, tukafaulu mtihani, kisha tukaliacha darasani.

Paja lina misuli yenye nguvu nyingi. Mfupa unapovunjika, nguzo imeondoka lakini misuli huendelea kukaza; ncha za mfupa hupishana, na mguu hufupika. Traksheni hupinga mvuto huo, na hutakiwa kuupinga katika mstari wa mfupa wenyewe. Ikivuta kwa mwelekeo usiofaa, mfupa huweza kuunga ukiwa umepinda, au mguu ukabaki mfupi, na mgonjwa akachechemea maisha yake yote.

Mwaka 1924 daktari wa upasuaji wa Melbourne, Australia, R. Hamilton Russell, alieleza mpango wa kamba ambao mpaka leo una jina lake. Tatizo lilikuwa kuvuta paja bila kufunga kamba kwenye paja lenyewe, mahali penye jeraha. Alitumia kamba moja. Huanzia kwenye mbeleko ya kitambaa iliyo chini ya goti, hupanda hadi roda ya juu ya kitanda, huteremka hadi roda ya miguuni mwa kitanda, hurudi kuzunguka roda iliyofungwa kwenye unyayo wa mgonjwa, kisha huenda tena kwenye roda nyingine ya miguuni mwa kitanda. Hapo ndipo uzito unaponing'inia.

Tuchukue mfano wa hesabu, usiotakiwa kuigwa kitandani, kwa kuwa kiasi cha uzito huamuliwa na daktari kwa kila mgonjwa. Uzito wa kilo 4 huvuta chini kwa kani ya takriban nyutoni 40. Roda zikizunguka bila msuguano, kamba hukazwa kwa nyutoni 40 kila mahali. Basi goti linainuliwa wima kwa nyutoni 40. Unyayo unavutwa na vipande viwili vya kamba, yaani nyutoni 80, tukichukulia kwamba vipande hivyo viko sambamba. Je, jumla ni nyutoni 120? La. Mishale hiyo miwili haielekei upande mmoja.

Chora kwa skeli ya sentimita 1 kwa kila nyutoni 10. Kutoka nukta moja, mshale wa sentimita 8 ulale kuelekea miguuni, na mwingine wa sentimita 4 usimame wima. Kamilisha mstatili, kisha chora ulalo wake kuanzia nukta ileile. Ulalo huo ndio kani ya jumla. Ukiupima kwa rula utapata karibu sentimita 9, yaani takriban nyutoni 89, na pembe yake na mstari wa kitanda ni kama nyuzi 27. Paja lililoinuliwa juu ya mto kwa pembe hiyo linavutwa katika mstari wake wenyewe, ingawa hakuna kamba hata moja inayoelekea huko. Kwa maoni yangu, hakuna mchoro wa kitabu cha shule unaolifafanua jambo hili vizuri kuliko kitanda hicho.

Sasa tuseme mgonjwa ameteleza kuelekea miguuni. Goti limesogea, roda ya juu imebaki palepale, na kamba ya goti imeinama nyuzi 30 kuelekea kichwani. Kani yake ya nyutoni 40 sasa hugawanyika: takriban 35 huinua goti, na 20 huvuta kinyume, kuelekea kichwani. Mvuto wa kuelekea miguuni umeshuka kutoka 80 hadi 60. Kani ya jumla sasa ni takriban nyutoni 69. Imepungua kwa zaidi ya moja ya tano, na hakuna aliyegusa uzito. Muuguzi akihesabu kilo atazikuta zote nne. Mgonjwa akiendelea kuteleza mpaka roda ya unyayo igote miguuni mwa kitanda, kamba itakazana bure, kwa kuwa mguu hauvutwi tena.

Ndiyo sababu kitanda huinuliwa upande wa miguuni. Watu hudhani ni kwa ajili ya starehe, au kwa ajili ya uvimbe pekee. Kitanda cha mita 2 kikiinuliwa sentimita 30, uzito wa mtu wa kilo 60, yaani nyutoni 600, hutoa sehemu ya takriban nyutoni 90 inayouvuta mwili kuelekea kichwani. Kiasi hicho kinakaribia kulingana na mvuto wa kamba katika mfano wetu. Mkishusha kitanda ili mgonjwa ale vizuri, mmeondoa kani hiyo.

Kwa hiyo, ndugu na wauguzi, uzito usiwekwe juu ya kiti wala kuachwa ugote sakafuni, hata mgonjwa akiomba apumzishwe kidogo. Blanketi lisilalie kamba, na fundo lisinase kwenye roda. Anayetaka kumsogeza mgonjwa amwite muuguzi kwanza.

Mguu nao uangaliwe usilalie upande wa nje. Chini kidogo ya goti, upande huo, mshipa wa fahamu hupita karibu sana na ngozi, na mbeleko au godoro huweza kuubana. Mgonjwa akihisi ganzi juu ya unyayo, akishindwa kuinua unyayo au vidole, au vidole vikiwa baridi na kupauka, muuguzi aitwe saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.